Tathmini ya mradi kwa kazi ya MBA, hatua kwa hatua: mfano wa mashine ya barafu, Deep Sea, Tanga

Kila muhula ukifika katikati, simu yangu huanza kuita. Wanaopiga ni wanafunzi wa masta ya biashara hapa Tanga, karibu wote wafanyakazi: huyu yuko bandarini, yule halmashauri, mwingine ni mhasibu wa shamba la mkonge. Wanasoma jioni na Jumamosi, na wote wamepewa kazi ileile: chagua mradi, ufanyie tathmini ya kifedha, toa pendekezo. Maswali nayo ni yaleyale. Nianzie wapi? Riba ya mkopo naiweka mstari gani? NPV yangu imetoka milioni mia tatu, je, ni sawa? (NPV ni thamani ya leo ya fedha zote ambazo mradi utaleta, ukitoa fedha unazoweka mwanzo.)

Nayajibu hapa kwa mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho. Kikundi cha watu watano kimesajili kampuni na kinataka kufunga mashine ya kutengeneza barafu karibu na soko la samaki la Deep Sea. Bei na idadi nyingi utakazoziona ni za kufundishia, kwa hiyo usizinakili. Chukua njia uipeleke kwenye mradi wako, iwe machungwa ya Muheza, nazi za Pangani au mwani wa Mkinga.

Kabla hatujaanza, nikuombe uamini jambo moja. Kanuni ya NPV ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Tathmini nyingi nilizopewa nizisome hazikuharibikia kwenye kanuni. Ziliharibikia kule juu, kwenye mstari ambapo mwanafunzi ameandika atauza kiasi gani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari la kawaida na kalamu. Kila namba utakayoitumia iandikwe humo pamoja na mahali ilikotoka na tarehe.
- Kompyuta yenye Excel, au programu yoyote ya majedwali. Simu inatosha kwa hesabu ndogo, lakini jedwali la miaka mitano litakuchosha macho.
- Profoma (hati ya bei anayokupa muuzaji kabla hujanunua) mbili au tatu za kifaa kikuu, kutoka kwa wauzaji tofauti.
- Bei ya umeme na maji ya sasa. Ukinunua LUKU, risiti yako tayari ina kila kitu.
- Kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo, ileile inayotundikwa ukutani. Kazi yake utaiona hatua ya 2.
- Asubuhi mbili za kwenda sokoni. Usijaribu kuliruka hili.

Hatua ya 1: Andika uamuzi kwa sentensi moja

Usianze na historia ya uvuvi Afrika Mashariki. Andika: "Je, kampuni iweke shilingi milioni 80 leo kwenye mashine ya barafu ya tani 2 kwa siku, itakayofanya kazi miaka mitano?" Basi. Sentensi hiyo ina fedha, kitu na muda. Kikikosekana kimoja, hesabu yote itaning'inia.

Kisha jiulize dunia itakuwaje mradi ukifanyika, na itakuwaje usipofanyika. Unachohesabu ni tofauti kati ya dunia hizo mbili. Kama kampuni tayari inalipa kodi ya ofisi ile Ngamiani na itaendelea kuilipa, mashine iwepo isiwepo, kodi hiyo haiuhusu mradi.

Onyo: fedha iliyokwisha kutumika haiingii. Ikiwa kikundi kilimlipa mtaalamu milioni 2 mwaka jana kwa ajili ya upembuzi, milioni hizo zimekwenda. Hazirudi kwa kukubali mradi wala kwa kuukataa. Wanafunzi huona uchungu kuziacha nje, lakini ziache.

Onyo la upande wa pili: kiwanja chenu wenyewe si cha bure. Kama kingeweza kukodishwa kwa shilingi 300,000 kwa mwezi, mradi unakula hizo 300,000, nawe uziandike kama gharama hata kama hakuna mtu anayelipwa.

Hatua ya 2: Nenda sokoni ujue utauza kiasi gani

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako mwingi.

Mwanafunzi akiachwa peke yake na kompyuta hufanya hivi: mashine inatoa tani 2 kwa siku, mwaka una siku 300 za kazi, basi tani 600. Ni safi, ni rahisi, na si kweli. Mashine kuweza kutoa tani 2 hakumaanishi kwamba kuna mtu wa kuzinunua.

Asubuhi moja ya kaskazi nilikaa Deep Sea na nahodha mmoja mtu mzima aliyekuwa akipakia barafu. Bonge limefunikwa gunia la katani, maji yanachuruzika kwenye mchanga, kijana analivunja kwa kipande cha nondo na mwenzake anakusanya vipande kwa beleshi kabla havijayeyuka. Nilimwuliza mzee yule kwa wastani anachukua kilo ngapi kwa siku. Swali langu hakulielewa, na sasa naona alikuwa na haki. Kwake hakuna wastani. Wanaovua kwa taa hutegemea giza: mwezi ukiwa mchanga au umefifia, samaki hufuata taa na boti zote hutoka. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa baharini, taa haivuti kitu na wengi hubaki nchi kavu kushona nyavu. Wa pweza wao husubiri bamvua, maji yakauke mbali. Halafu kuna kusi. Upepo ule ukichafuka, vyombo vidogo havitoki kabisa, na barafu yako haina wa kumuuzia.

Ndiyo maana nikasema uwe na kalenda ya mwezi mwandamo. Chukua miezi kumi na miwili, weka alama siku za giza, siku za mbalamwezi na miezi ya kusi kali. Kisha waulize wavuvi watatu, wachuuzi watatu na dalali mmoja wa mnadani: siku kama hii unachukua barafu kiasi gani, na kwa bei gani? Waulize kwa mabonge, si kwa kilo, kisha upime bonge moja mwenyewe.

Kwa mfano wetu, daftari limetupa hivi:

- Siku 160 nzuri, tunauza tani 2 zote: tani 320
- Siku 140 dhaifu, tunauza tani 1: tani 140
- Siku 65 hatuuzi kitu, kwa sababu ya upepo, sikukuu na matengenezo
- Jumla ya mwaka: tani 460

Tani 460, si 600. Tutaona mbele tofauti hiyo inagharimu nini.

Ukiwa palepale, chunguza mambo mawili mengine. La kwanza, nani anauza barafu sasa? Kuna kina mama wanaogandisha maji kwenye mifuko kwa friji za nyumbani, na wavuvi wadogo hununua kwao. Utawapunguzia wateja, nao watashusha bei. La pili, mahitaji yenyewe ni makubwa kiasi gani? Kwenye joto letu, kanuni inayotumika sana ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Ukijua samaki wanaoshuka ni tani ngapi kwa siku ya giza, una kipimo cha kukuzuia usiote ndoto.

Hatua ya 3: Gharama za mwanzo, hadi kifaa kiwake

Profoma ya mashine kutoka China mara nyingi ni bei ya FOB, yaani mashine ikiwa imepakiwa melini kule kwao. Wewe hununui mashine iliyoko bandari ya China. Unanunua mashine iliyofungwa Deep Sea na inatoa barafu. Ongeza nauli ya meli, bima, ushuru, wakala wa forodha, gari la kutoka bandarini, fundi wa kufunga, tanki la maji, kibanda na umeme wa njia tatu.

Mfano wetu:

- Mashine hadi imefika na kufungwa: milioni 60
- Kibanda, tanki na umeme: milioni 15
- Jumla: milioni 75

Usisahau muda pia. Tangu unalipa malipo ya awali hadi barafu ya kwanza itoke, miezi kadhaa itapita. Ukiona itakaribia mwaka, mapato yaanze mwaka wa pili kwenye jedwali lako. Hata shilingi moja usiisogeze mbele kwa matumaini.

Hatua ya 4: Mtaji wa kuzungushia

Mstari huu husahauliwa kuliko yote. Yule nahodha alichukua mabonge, akalipa nusu, nusu iliyobaki atalipa akirudi na kuuza. Wote pale wanafanya hivyo, na asiyekubali hauzi. Wakati huohuo LUKU haikopeshi: unalipa kwanza, ndipo umeme uingie. Kati ya fedha inayotoka leo na ile itakayoingia wiki ijayo kuna pengo, na pengo hilo ni fedha halisi inayotakiwa siku ya kwanza.

Siku nzuri tunauza tani 2 kwa shilingi 150 kwa kilo, sawa na shilingi 300,000. Madeni yanayolingana na mauzo ya siku nzuri 10 ni milioni 3. Umeme wa akiba na vipuri vya dharura milioni 2. Jumla milioni 5. Ziandike mwaka 0 kama fedha inayotoka, na mwaka wa 5 kama fedha inayorudi, kwa sababu ukifunga biashara utakusanya madeni yako.

Sasa tumefika milioni 80.

Hatua ya 5: Mapato na matumizi ya mwaka

Mapato: tani 460 kwa shilingi 150,000 kwa tani ni milioni 69.

Matumizi, tuanze na umeme, maana ndio unaokula. Chukulia uniti 80 kwa kila tani iliyouzwa, ukiwa umeshahesabu barafu inayoyeyuka kabla ya kuuzwa. Bei iliyozoeleka ya matumizi ya kawaida ni shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 inafika kama 356. Kwa hiyo tani moja ni shilingi 28,480, na tani 460 ni karibu milioni 13.1. Aliyeandika 292 bila tozo ameupunguza umeme wake kwa zaidi ya milioni 2 kila mwaka.

Yaliyobaki nayapitia haraka: maji milioni 1, mishahara ya mafundi wawili na mlinzi milioni 10.8, matengenezo milioni 4, kodi ya kiwanja (zile 300,000 za kila mwezi za hatua ya 1) milioni 3.6, leseni na mengineyo milioni 2.5. Jumla ya matumizi ni milioni 35.

Fedha inayobaki kabla ya kodi: 69 kutoa 35, milioni 34.

Onyo kubwa: riba ya mkopo haimo kwenye orodha hii, wala marejesho ya mkopo. Nitaeleza sababu hatua ya 7.

Hatua ya 6: Kodi na uchakavu

Uchakavu si fedha. Hakuna mtu anayekuja mlangoni kuudai. Tunauhesabu kwa sababu moja tu: unapunguza faida inayotozwa kodi.

Mashine na kibanda ni milioni 75. Mwisho wa mwaka wa 5 tunatarajia kuviuza kwa milioni 10. Uchakavu wa kugawa sawasawa ni 65 gawanya kwa 5, milioni 13 kwa mwaka.

- Faida inayotozwa: 34 kutoa 13, milioni 21
- Kodi ya kampuni, asilimia 30: milioni 6.3
- Fedha baada ya kodi: 34 kutoa 6.3, milioni 27.7

Angalia mstari wa mwisho. Kodi imetolewa kwenye 34, si kwenye 21. Anayeishia na 14.7 ameutoa uchakavu kana kwamba ni fedha iliyotoka mfukoni, na mradi wake utakufa bure.

Kugawa sawasawa ni njia ya darasani. TRA wana makundi yao ya mali na viwango vyake, na mashine kwa kawaida hupunguzwa kwa asilimia ya thamani inayobaki. Swali lako likitaka kodi ya Tanzania kama ilivyo, tumia viwango hivyo. Muundo wa jedwali haubadiliki.

Hatua ya 7: Kiwango cha punguzo

Shilingi ya miaka mitatu ijayo haina uzito wa shilingi ya leo. Kiwango cha punguzo ndicho kinachopima tofauti hiyo, nacho hutokana na gharama ya fedha mnayoitumia.

Kikundi chetu kinakopa nusu ya mtaji kwa riba ya asilimia 16, kiwango ambacho si kigeni kwenye mabenki yetu ya biashara. Riba hupunguza kodi, kwa hiyo gharama yake halisi ni 16 zidisha 0.7, yaani asilimia 11.2. Nusu nyingine ni fedha yao wenyewe, na wanasema chini ya asilimia 25 hawataki, maana biashara ya barafu ina misukosuko. Wastani wa 11.2 na 25 ni 18.1. Tunatumia asilimia 18.

Sasa lile swali la riba. Riba tayari imo ndani ya hiyo 18. Ukiitoa tena kwenye mtiririko wa fedha, umewatoza watu mara mbili. Nikuonyeshe ubaya wake: mkopo wa milioni 40 kwa asilimia 16 ni riba ya milioni 6.4, baada ya nafuu ya kodi ni 4.48. Ukiitoa kwenye 27.7 inabaki 23.22, na NPV itatoka hasi kwa karibu milioni 0.8. Mradi mzuri umekataliwa kwa kosa la mstari mmoja.

Na mfumuko wa bei? Bei zetu hapa hazipandi miaka yote mitano, ilhali 18 ni kiwango chenye mfumuko ndani yake. Hiyo ni kuupima mradi kwa ukali kidogo. Ukitaka usahihi, chagua moja: pandisha bei zote kila mwaka, au toa mfumuko kwenye kiwango. Kwa mfumuko wa asilimia 3, 1.18 gawanya kwa 1.03 inakupa kama asilimia 14.6. Kuchanganya njia hizo mbili bila kumwambia msomaji ndiko kunakokatwa maksi.

Hatua ya 8: Piga NPV

Mwaka 0: hasi milioni 80. Mwaka 1 hadi 5: milioni 27.7 kila mwaka. Mwaka wa 5 ongeza milioni 10 za kuuza mashine na milioni 5 za mtaji wa kuzungushia. Mauzo ya mashine hayana kodi hapa kwa kuwa bei ni sawa na thamani iliyobaki kwenye vitabu.

Thamani za leo, kwa asilimia 18 (gawanya fedha ya mwaka kwa 1.18, mara moja kwa kila mwaka unaoihesabu kurudi leo):

- Mwaka 1: milioni 23.5
- Mwaka 2: milioni 19.9
- Mwaka 3: milioni 16.9
- Mwaka 4: milioni 14.3
- Mwaka 5: milioni 18.7
- Jumla: karibu milioni 93.2

Toa 80. NPV ni chanya, milioni 13.2. IRR, yaani kiwango ambacho NPV hugeuka sifuri, ni karibu asilimia 24.7. Fedha inarudi ndani ya miaka miwili na miezi kama 11. Lakini ukiihesabu kwa thamani ya leo, hairudi hadi mwaka wa tano, na hilo linastahili sentensi kwenye ripoti yako.

Mtego wa Excel: kanuni ya NPV ya Excel huchukulia namba ya kwanza kuwa iko mwisho wa mwaka wa 1. Ukiiweka mwaka 0 ndani ya mabano, kila kitu kinapunguzwa kwa mwaka mmoja wa ziada. Kama mwaka 0 uko seli B10, andika hivi:

=NPV(18%,C10:G10)+B10

B10 inabaki nje, nayo iwe na alama ya hasi.

Hatua ya 9: Utikise mradi

Sasa turudi kwenye zile tani 600. Tungezitumia, NPV ingetoka karibu milioni 50. Kwa tani 460 ni 13.2. Zaidi ya milioni 36 za faida zilikuwa ndoto ya mtu ambaye hakushuka sokoni. Ndiyo maana nasisitiza zile asubuhi mbili.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, mengine yabaki:

- Bei ikishuka kutoka 150 hadi 130 kwa kilo: NPV inakuwa hasi, karibu milioni 7.
- Umeme ukikosekana siku 20 za msimu mzuri: NPV inabaki chanya, milioni 2.7 tu.
- Umeme ukikosekana siku 40 za msimu mzuri: hasi milioni 7.7.

Kisha tafuta bei ambayo NPV inakuwa sifuri. Hapa ni kama shilingi 137 kwa kilo. Yaani shilingi 13 tu ndizo zinazousimamisha mradi huu. Mshindani akifunga mashine yake hatua hamsini kutoka kwenu, shilingi 13 hazimalizi wiki. Kwangu mimi namba hiyo ina uzito kuliko NPV yenyewe, na ningeiweka ukurasa wa kwanza.

Onyo: usibadilishe kila kitu kwa asilimia 10 juu na asilimia 10 chini kwa sababu tu mfano wa darasani ulifanya hivyo. Badilisha kwa kiasi ambacho kinaweza kutokea kweli. Mishahara haitashuka asilimia 10. Bei ya barafu inaweza kushuka asilimia 20.

Hatua ya 10: Andika pendekezo

Nusu ukurasa unatosha. Kubali au kataa, kwa sababu gani, na kwa masharti gani. Kwa mradi huu ningeandika: kubali, iwapo kampuni itapata kwanza makubaliano ya maandishi na matajiri wa boti kadhaa ya kununua barafu kwa bei isiyopungua 145 katika miezi ya kaskazi, na iwapo kuna njia ya kupata umeme wa dharura ambayo gharama yake imeshaingizwa kwenye jedwali. Sharti hilo linatoka moja kwa moja hatua ya 9. Pendekezo lisilo na masharti huonyesha kwamba hesabu ilifanywa kisha ikasahauliwa.

Hesabu ikikataa

NPV imetoka kubwa mno, mara tatu au nne ya mtaji. Rudi hatua ya 2. Karibu kila mara umeuza uwezo wote wa mashine siku zote za mwaka. Pili, angalia kama umechanganya kilo na tani, au elfu na milioni.

NPV ni hasi lakini biashara kama hiyo naiona mtaani inastawi. Angalia kama riba au uchakavu vimetolewa kimakosa. Kama vipo sawa, uliza: hao wa mtaani walinunua mashine iliyotumika? Wanafanya kazi kwenye kiwanja cha urithi wasichokihesabu? Wanajilipa mshahara? Mara nyingi jibu linapatikana humo, nawe una haki ya kuliandika kwenye ripoti.

NPV inasema kubali mradi A, IRR inasema kubali B. Hutokea miradi ikitofautiana ukubwa au muda. Kama unaweza kuchukua mmoja tu, fuata NPV, maana inakuambia utajiri unaongezeka kwa shilingi ngapi. Asilimia 40 ya mtaji wa milioni 2 haiwezi kushindana na asilimia 25 ya milioni 80.

Excel inaleta #NUM! kwenye IRR. Hakikisha mwaka 0 una alama ya hasi. Kama namba zote ni chanya, hakuna jibu la kutafuta. Kama mtiririko unabadilika alama zaidi ya mara moja, kwa mfano mashine inahitaji ukarabati mkubwa mwaka wa 3, IRR inaweza kuwa na majibu mawili. Iache, tumia NPV.

Miradi miwili ina umri tofauti, mmoja miaka 3 mwingine miaka 6. Usilinganishe NPV moja kwa moja. Igeuze kila NPV kuwa kiasi cha kila mwaka kwa kugawa na kigezo cha jumla cha miaka yake, yaani thamani ya leo ya shilingi moja inayopokewa kila mwaka kwa miaka hiyo. Kwa asilimia 18 na miaka 5 kigezo hicho ni 3.127, hivyo 13.2 yetu ni sawa na kama milioni 4.2 kwa mwaka.

Siwezi kupata bei, watu hawataki kusema. Usiulize "unapata faida kiasi gani", hakuna atakayekujibu. Nunua. Ukinunua bonge moja unajua bei, ukilipima unajua uzito, ukikaa nusu saa unahesabu yanauzwa mangapi. Wasalimie wazee kwanza na uwaeleze wewe ni mwanafunzi. Wengi pale wana watoto wanaosoma.

Mwalimu anauliza: tani 460 zimetoka wapi? Fungua daftari. Mwonyeshe tarehe uliyokwenda, siku hiyo mwezi ulikuwa wa ngapi, ulizungumza na watu wangapi, na bonge ulilolipima lilikuwa na kilo ngapi.